Nauli ya Atachimenti: Zamani Nani Alikuwa Analipa?

Wiki ya nne ya atachimenti, msee wangu wa darasa alinitumia ujumbe saa kumi na mbili asubuhi: "Leo siendi. Kesho pia siendi." Nilidhani ni mgonjwa, ama amekosana na mkubwa wake. Wapi. Nauli ilikuwa imeisha. Alikuwa anatoka Kayole mpaka Westlands, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na unajua mvua ikinyesha makanga huongeza bila huruma. Mathe yake alikuwa amekopa kwa chama kumpa nauli ya mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili chama kikataka pesa yake.

Huyo msee ndiye alikuwa namba moja wetu kwa mambo ya umeme. Mimi nilikuwa wa katikati tu, lakini shangazi yangu anakaa karibu na Industrial Area, kwa hivyo nilikuwa natembea kwa miguu hadi kazini. Nikamaliza miezi yangu mitatu, nikaandikiwa barua nzuri. Yeye akarudia atachimenti mwaka uliofuata na kuhitimu kwake kukachelewa. Kilichotutenganisha hakikuwa akili wala bidii. Ilikuwa nyumba ya shangazi.

Wakati huo niliamini hivyo ndivyo dunia ilivyo. Unajifunza kazi, hulipwi, mzazi anagharamia, unasema asante. Na kila mtu mzima tuliyemlalamikia alikuwa na jibu moja: "Vumilieni, hata sisi tulipitia hapo." Ni hilo jibu lililonifanya nianze kusoma historia ya hiki kitu, kwa sababu nilivyozidi kuchimba ndivyo nilivyoona kwamba wengi wa kizazi cha babu zetu hawakupitia hapo. Njia yao ilikuwa tofauti kabisa na yetu, na mlipaji hakuwa mathe.

Mzee wa reli

Jirani wa shangazi, pale Makongeni, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, alikuwa mzee mmoja fundi mstaafu. Jioni nikitoka kazini nilikuwa namkuta ameketi nje na redio yake. Siku moja nikamuuliza:

"Mzee, nyinyi mkiwa kwa atachimenti mlikuwa mnalipwa pesa ngapi?"

"Atachimenti ndio nini, kijana wangu?"

Nikamweleza. Unatoka chuo, unapelekwa kampuni, unakaa miezi mitatu, unajaza logibuku, unarudi. Akanitazama kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

"Sisi tulikuwa aprentisi," akasema. Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikakaribia kukatika. Ulikuwa mkataba wake na reli. Jina lake, jina la kazi atakayofunzwa, miaka atakayotumikia, na chini kabisa alama ya kidole gumba cha baba yake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado mdogo. Mshahara ulikuwa kidogo, akasema, lakini ulikuja kila mwisho wa mwezi, na nusu alituma nyumbani.

"Na nyinyi mnalipwa na nani?"

"Na mathe," nikasema.

Akacheka. Halafu akaona sitanii, akanyamaza.

Kabete, 1924

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1924 serikali ya mkoloni ilifungua kituo Kabete cha kufunza vijana Waafrika ufundi: useremala, uashi, uhunzi na kazi kama hizo. Kiliitwa Native Industrial Training Depot. Ukipita Kabete National Polytechnic leo, hapo ndipo mizizi yake ilipo. Mwaka huo huo tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikishauri kwamba elimu ya Mwafrika iegemee kazi za mikono.

Usidhani hiyo ilikuwa roho safi. Kazi nyingi za ufundi mjini na kwenye reli zilikuwa mikononi mwa mafundi Wahindi, na masetla walitaka fundi wa bei nafuu kuliko Mhindi. Mwafrika akafunzwa ili alipwe kidogo. Mshahara ulipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kwa hivyo mtu asinisome vibaya. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Nafasi zilikuwa chache, karibu zote za wanaume, na mfumo wenyewe ulikuwa wa dhuluma.

Lakini angalia jambo moja ndani ya hiyo dhuluma. Hata mkoloni hakufikiria kumwambia mkulima wa Murang'a au Nyanza, "Lete kijana wako afanye kazi yetu, na wewe umlipie usafiri." Aliyemhitaji fundi ndiye aliyemgharamia fundi.

Mkataba unaofunga pande mbili

Miaka ya 1950 reli ilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa hapa, na mwaka wa 1956 ikafungua shule yake ya mafunzo Nairobi, upande wa South B. Mkoloni akikaribia kufungasha virago, ikatungwa sheria ya mafunzo ya viwandani, ile inayojulikana mpaka leo kama Cap 237. Ilianza kutumika mwaka wa 1960. Imerekebishwa mara kadhaa, lakini bado iko hai.

Nimeisoma, na kitu kilichonishangaza ni jinsi inavyomweleza mwanagenzi. Ni mtu aliyefungwa na mkataba wa maandishi kumtumikia mwajiri kwa muda fulani ili apate ujuzi wa kazi, na mwajiri naye amefungwa kumfunza. Pande zote mbili zimefungwa. Mkataba unasajiliwa na serikali. Kijana akitoroka, amevunja mkataba. Mwajiri akimweka kijana mwaka mzima afagie karakana bila kumfunza, naye amevunja.

Sasa kumbuka atachimenti yako. Wewe ulisaini nini? Chuo kilikupa barua ya kuomba nafasi na fomu ya bima. Kampuni ilikupa barua ya kukubaliwa, mistari minne hivi, na mmoja wa hiyo mistari ulisema kampuni haitawajibika kwa usafiri wala chakula. Wote walijitetea kwa maandishi. Hakuna aliyeahidi kukufunza.

Foleni ya 1964

Uhuru ulipokuja, vijana waliosoma walikuwa na matumaini ya kazi, na kazi hazikuwa za kutosha. Mwaka wa 1964 serikali ya Jomo Kenyatta, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia saini makubaliano ya pande tatu. Waajiri wa kibinafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali asilimia 15, na vyama vikakubali kutodai nyongeza ya mshahara wala kugoma kwa muda. Walipotangaza watu wajiandikishe, wakaja zaidi ya 200,000. Waliopata kazi walikuwa sehemu ndogo tu ya hao. Ukiona foleni za makurutu siku hizi unadhani ni jambo la kizazi chetu. Babu zetu walishapanga hiyo laini.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1966, Baraza la Makanisa la Kitaifa lilitoa ripoti iliyouliza mtoto akimaliza shule, halafu nini? Hapo ndipo wazo la politekniki za vijijini lilipopata nguvu, ama tuseme vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa lugha ya kawaida. Kuingia miaka ya 1970 wananchi wenyewe wakaanza kuchanga kwa harambee kujenga vyuo vya teknolojia. RIAT kule Kisumu, WECO magharibi, Murang'a, Kiambu. Watu waliuza mbuzi ili vyuo hivyo visimame.

Naziheshimu sana hizo harambee. Lakini ndani yake kuna mabadiliko ambayo hakuna aliyeyatangaza, na kwangu haya ndiyo kiini cha historia yote.

Zamani kampuni ndiyo ilikuwa inampeleka mfanyakazi wake chuoni. Kenya Polytechnic, iliyofunguliwa mwaka wa 1961 na ambayo leo ni Technical University of Kenya, ilipokea wanafunzi wengi wa namna hiyo: mtu ana kazi tayari, mwajiri anamwachilia siku fulani za wiki au miezi fulani aende darasani, kisha anarudi karakana. Huyo ni mfanyakazi anayesoma. Vyuo vilipoongezeka kuliko kazi, mwelekeo ukageuka. Sasa chuo kikawa kinampeleka mwanafunzi kwa kampuni. Huyo ni msomi anayeomba kuingizwa. Yule wa kwanza mwajiri anamhitaji. Huyu wa pili anamhitaji mwajiri. Na anayehitaji ndiye hulipa nauli.

Jua kali nako haikuwa bure. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti maarufu kuhusu Kenya iliyoangazia wale mafundi na wachuuzi wasiohesabiwa, na ulimwengu ukaanza kuzungumzia sekta isiyo rasmi. Kwenye mabati ya Kamukunji na Gikomba, mara nyingi kijana alimlipa fundi ili afunzwe. Lakini hata pale kulikuwa na masharti ya kueleweka. Unalipa, unafunzwa kutengeneza sanduku ama jiko, ukijua unaanza kuuza zako. Hakuna aliyelipa kusudi akamtengenezee mtu chai.

Shilingi 50

Serikali iliona kwamba kuna kampuni zinafunza watu na nyingine zinangoja kuwanyakua wakiwa tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaleta tozo ya mafunzo ya viwandani. Waajiri wachange mfuko mmoja, na anayefunza kwa utaratibu uliokubaliwa arudishiwe gharama. Tozo hiyo ipo mpaka leo. Ni shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na inasimamiwa na NITA, mamlaka iliyoundwa kupitia marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2011.

Tupige hesabu. Kampuni yenye wafanyakazi 200 inachanga shilingi 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Sasa msee wangu wa Kayole. Nauli yake ilikuwa 240 kwa siku mvua isiponyesha. Siku tano kwa wiki, wiki 12, hiyo ni 14,400. Weka chakula cha mchana cha 100 tu, chapati na maharagwe, unafika 20,400. Familia moja ya mama muuza mboga ilitakiwa kuchangia mafunzo ya mtu mmoja, kwa miezi mitatu, zaidi ya kile kampuni ya watu 130 inachotoa kwenye mfuko kwa muda huo huo. Piga mwenyewe: 130 mara 50 mara 3 ni 19,500.

Nilipoona hiyo hesabu nilikaa kimya kidogo.

Jinsi mlango ulivyofungwa

Halafu ikaja miaka ya 1980 na 1990. Chuo kikuu cha pili, Moi, kikaanzishwa mwaka wa 1984. Mfumo wa 8-4-4 ukaanza mwaka wa 1985 ukiahidi kumpa kila mtoto ujuzi wa mikono. Wakati huo huo serikali, ikisukumwa na wakopeshaji wa kimataifa, ikaanza kubana matumizi, na miaka ya 1990 ikawapunguza wafanyakazi wake. Ile hali ya kumaliza digrii ukiwa na uhakika wa meza serikalini ikayeyuka. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Wanafunzi wakaongezeka, meza zikapungua.

Katikati ya msongamano huo, atachimenti ikawa sharti la kuhitimu karibu kila mahali. Fikiria maana yake. Chuo kinakuambia huhitimu bila atachimenti. Kampuni inajua huwezi kuhitimu bila atachimenti. Mtu anayejua huwezi kukataa hana sababu ya kukulipa.

Na sheria? Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema mfanyakazi ni mtu anayelipwa ujira au mshahara, na inamtaja mwanagenzi waziwazi kuwa ndani ya kundi hilo. Yule mzee wa Makongeni angekuwa ndani. Wewe na mimi, wa atachimenti, hatumo kwenye ufafanuzi huo. Tulibadilishwa jina, na jina jipya likatuacha nje ya mlango.

Waliopigana

Kuna vijana waliojifunza umuhimu wa karatasi. Madaktari wanagenzi, wale waliomaliza masomo na hawawezi kusajiliwa mpaka watumikie mwaka mmoja hospitalini, walipata mkataba wa pamoja mwaka wa 2017, baada ya mgomo wa madaktari wa siku 100. Mshahara wao ukawekwa kwenye maandishi, kama shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka wa 2024 serikali ikasema haina pesa, itawalipa 70,000. Madaktari wakagoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Mwaka ukiisha, serikali ikakubali kurudi kwenye ile hesabu ya 2017.

Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walikuwa wanapata shilingi 20,000 kwa mwezi wakifanya kazi ile ile ya mwalimu wa kudumu. Nao mwaka wa 2024 wakaenda kortini, wakaandamana, na Januari 2025 walimu wanagenzi 46,000 wakaajiriwa kwa kudumu. Hata hivyo wengine wapya wakachukuliwa kama wanagenzi, kwa hivyo hiyo vita haijaisha. Tume ya Utumishi wa Umma nayo, kwenye mpango wake ulioanza 2019, imekuwa ikiwapa wanagenzi waliohitimu posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi.

Umeona? Wote hao wameshahitimu. Wana chama, au mkataba, au angalau mpango wenye jina. Mtu wa atachimenti ana miezi mitatu. Kabla hajajua choo kiko wapi, ameshaondoka, na mwingine ameketi kwenye kiti chake. Huwezi kuunda chama na watu wanaobadilika kila muhula. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa hatusikiki, kuliko hata ubaya wa waajiri.

Na tuwe wakweli kuhusu waajiri. Mkubwa wangu wa atachimenti hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Kijana, wiki zako mbili za kwanza unanigharimu. Fundi wangu anaacha kazi kukuonyesha." Alikuwa sahihi. Duka dogo la watu wanne haliwezi kubeba posho ya wanafunzi wawili. Lakini wiki ya tano nilikuwa navuta nyaya peke yangu kwenye jengo la mteja, na mteja alilipishwa kazi yangu kama ya fundi. Kuanzia hapo sikuwa mzigo tena. Kwa nini nauli yangu iliendelea kuwa shida ya nyumbani?

Ninachotaka

Sitaki mkataba wa 1960 urudi na ubaguzi wake. Nataka wazo moja tu lililokuwa ndani yake: anayefaidika na kazi achangie, na ahadi iandikwe pande zote mbili. Mfuko wa tozo upo. Utumike kulipa angalau nauli na chakula cha mchana cha mwanafunzi wa atachimenti, hasa kwa kampuni ndogo zisizoweza. Kampuni kubwa zijilipie. Vyuo navyo viache kututoza ada ya usimamizi halafu mwalimu anakuja mara moja, dakika 15, anasaini na kuondoka. Barua ya kukubaliwa iseme utafunzwa nini, na nani.

Na wewe unayetafuta nafasi sasa hivi, kabla hujakubali, uliza kwa heshima kama kuna posho ya usafiri. Wengine watasema hapana. Wengine watasema ndiyo, na hawangetaja kama hungeuliza. Nimeona ikitokea. Na kama unaweza, chagua karibu na nyumbani hata kama jina la kampuni si kubwa, kwa sababu kumaliza ni bora kuliko kuanza kwa jina.

Msee wangu alimaliza mwishowe. Mara ya pili alipata nafasi Donholm, akawa anatembea kutoka Kayole, karibu saa nzima kila upande. Siku hizi ana karakana yake ndogo ya kurekebisha jenereta, na mwaka jana alichukua mwanafunzi wa kwanza wa atachimenti. Nilimuuliza anamlipa nini.

"Namtumia fare kila Jumatatu asubuhi," akasema. "Kabla hajatoka kwa nyumba."